Skana haina wazimu: tuliyojifunza kwenye kaunta za Lubumbashi

Kopo la soda lina milia ubavuni, na chini ya milia namba 5449000000996. Skana mpya ya msimbo pau imetoka kwenye boksi sasa hivi, kebo yake ya USB imechomekwa, Bloc-notes (Notepad ya Windows) imefunguliwa. Unabonyeza, skana inalia pii, taa inawaka, na kwenye skrini yanatokea haya:

(''çààààààçç-

Keshia anarudi nyuma hatua moja. "Patron, mashine imepata wazimu."

Haijapata wazimu. Imesoma tarakimu zote 13 bila kukosea hata moja, na imezituma zote. Zimegeuzwa njiani. Sisi tunaofunga mashine za mauzo hapa Lubumbashi, kwenye maduka yenye neno Alimentation juu ya mlango, kwenye depo za jumla na kwenye famasi, kuanzia Kampemba hadi Katuba na Kenya (komini, si nchi), tumeitwa kwa ajili ya mstari kama huo kuliko kwa jambo jingine lolote. Na karibu kila tulichojifunza kuhusu kuunganisha skana na programu kinaanzia hapo: skana haijui kwamba kuna programu. Ni mpiga taipu kipofu. Anapiga vitufe haraka, hatazami skrini, haulizi kishale kiko wapi, na kibodi aliyoizoea ni ya Marekani.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kutofungua programu ya mauzo mpaka skana ifaulu kwenye Bloc-notes. Ikiandika vibaya kwenye Bloc-notes, kosa liko kwenye skana au Windows. Ikiandika vizuri huko na vibaya kwenye programu, kosa ni la programu. Dakika mbili hizo zinaokoa siku nzima ya kulaumiana na aliyeiandika programu.

Kibodi ya nchi gani?

Skana ya USB, kama inavyotoka kiwandani, hujitambulisha kwa Windows kuwa ni kibodi. Haipeleki "5". Inapeleka habari kwamba kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa, na Windows ndiyo inayoamua kitufe hicho ni herufi gani kwa kutazama mpangilio wa kibodi uliowekwa. Kwenye QWERTY, mpangilio wa kibodi ya Marekani, safu ya juu inatoa tarakimu moja kwa moja. Kwenye AZERTY, mpangilio wa kibodi ya Kifaransa, safu hiyohiyo inatoa & é " ' ( - è _ ç à, na ili upate tarakimu lazima ushike Maj (Shift). Skana haishiki Maj, maana kwenye QWERTY haihitajiki. Basi 5 inakuwa (, 4 inakuwa ', 9 inakuwa ç, 0 inakuwa à.

Mstari wa wazimu una faida yake: ukiusoma vizuri unakuonyesha ugonjwa. Tazama alama ya mwisho ya mfano wetu. Tarakimu 6 ikitoka kama -, Windows iko kwenye AZERTY ya Ufaransa. Ikitoka kama §, ni AZERTY ya Ubelgiji. Mjini hapa tunakutana na zote mbili, kwa sababu ya kompyuta zilizotumika zinazotoka Ulaya. Zile zilizopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka kusini huwa na QWERTY, na hizo hazina shida hii kabisa. Ndiyo maana duka lenye kompyuta mbili linaweza kuapa kwamba lina skana moja nzima na moja mbovu. Zibadilishane mahali, utaona ubovu umebaki palepale kwenye kompyuta.

Dawa ni kuifundisha skana kibodi ya nchi yako. Katika kijitabu cha skana kuna ukurasa wa kibodi za nchi, kila nchi na msimbo pau wake. Kwa skana nyingi unasoma misimbo mitatu kwa mfuatano: kuanza marekebisho, nchi, kumaliza marekebisho. Nyingine zinatosheka na msimbo mmoja. Mtego uko kwenye neno Kifaransa: orodha huwa na Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi na Kanada ya Kifaransa, na fundi mwenye haraka anachukua lolote linaloonekana. Kanada ya Kifaransa ni QWERTY, haitakusaidia kitu. Ubelgiji na Ufaransa zinafanana kwenye tarakimu, kwa hiyo ukizichanganya misimbo ya bidhaa itasomwa vizuri, halafu miezi mitatu baadaye msimbo wenye alama kama kistari utatoka vibaya, na hakuna atakayekumbuka ulichofanya.

Kwa sababu hiyo usijaribu kwa soda peke yake. Jaribu pia msimbo wenye herufi na kistari. Msimbo wa ndani kama MAT-0147 ukisomwa na skana ya Kimarekani kwenye AZERTY unatoka ?QT)à&'è, yaani M imekuwa ?, A imekuwa Q, na kistari kimekuwa mabano. Ni kipimo kizuri kuliko tarakimu 13 zozote. Tunatembea nao, umechapishwa kwenye kadi.

Kuna watu wanaokwenda njia ya mkato: wanaiacha skana na kubadilisha Windows iwe QWERTY. Skana inapona, na keshia anaanza kuteseka, maana vitufe anavyovitazama vimeandikwa AZERTY lakini vinatoa kitu kingine. Akiandika jina la mteja, Amani anakuwa Q;qni. Kubali kurekebisha skana.

Verr Maj

Hili linastahili nafasi yake, kwa kuwa ndilo linalozaa ile kauli ya "jana ilifanya kazi, leo haifanyi".

Kwenye AZERTY ya Ufaransa ndani ya Windows, kitufe cha Verr Maj (Caps Lock) hakigeuzi herufi tu, kinageuza na safu ya tarakimu. Verr Maj ikiwa imewaka, safu ya juu inatoa tarakimu bila kushika Maj. Kwa hiyo skana ambayo haijarekebishwa itaandika 5449000000996 vizuri kabisa siku ambayo taa ya Verr Maj inawaka. Mwenye duka anafurahi, fundi anapokea malipo yake, anaondoka. Jioni keshia anaizima Verr Maj ili aandike jina kwa herufi ndogo, na wazimu unarudi.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukishaiweka skana kwenye Ufaransa, sasa inashika Maj yenyewe kwa kila tarakimu. Verr Maj ikiwaka, Maj juu ya Verr Maj inarudisha alama, na skana iliyorekebishwa sawasawa inaanza kuandika mabano. Skana nyingi zina chaguo la kupuuza hali ya Verr Maj, litafute kwenye kijitabu uliwashe. Lisipokuwepo, programu yenyewe itazame taa hiyo na kumwonya keshia kabla ya kupokea msimbo. Jaribio letu la mwisho kila mahali ni kusoma kopo moja mara mbili, Verr Maj ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewaka. Matokeo yakitofautiana, kazi haijaisha.

Ndugu yake Verr Maj ni Alt na Maj zikibonyezwa pamoja. Windows ikiwa na mipangilio miwili ya kibodi, vitufe hivyo viwili huruka kutoka mmoja hadi mwingine bila kelele. Mtoto akicheza na kibodi, basi. Ondoa mpangilio usiotumika, ubaki mmoja.

Wapo wanaotumia chaguo la tatu: skana kuandika kila alama kwa Alt na namba yake kwenye vitufe vya pembeni, kwa mfano Alt na 053 kwa tarakimu 5. Hiyo haijali AZERTY wala QWERTY. Lakini kila tarakimu inageuka mabonyezo manne, kompyuta ya zamani inaonekana ikiandika kama mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja, na programu ambayo Alt hufungua menyu yake inachanganyikiwa. Tunaiweka pale tu ambapo kompyuta moja inatumiwa na watu wa kibodi mbili. Kwenye Linux usiihesabu.

Ukiwa na uwezo wa kubadilisha programu, pita mlango wa COM

Kama programu ni yako, au aliyeiandika anapokea simu, kuna njia inayomaliza habari ya kibodi moja kwa moja. Skana nyingi za USB zinaweza kujigeuza mlango wa COM wa kubuni (njia ya kompyuta ya kupokea data herufi baada ya herufi) kwa kusoma msimbo mmoja wa kijitabu. Baada ya hapo Windows haiioni tena kama kibodi. Inatokea kwenye Gestionnaire de périphériques (orodha ya vifaa ya Windows) chini ya Ports (COM et LPT), labda COM3, labda COM5. Programu inafungua mlango huo na kupokea herufi zenyewe badala ya mabonyezo. Verr Maj haihusiki, kishale hakihusiki, hata dirisha jingine likiwa juu msimbo utafika.

Windows 10 na 11 zina kiendeshi chake ndani. Windows 7, ambayo bado iko kwenye kaunta nyingi, inahitaji kiendeshi cha mtengenezaji, kwa hiyo kiwe kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani. Kwenye Linux skana inatokea kama /dev/ttyACM0, na mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout, vinginevyo programu itaambiwa haina ruhusa.

Kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama: hiyo ndiyo mipangilio ya kawaida. Kwenye skana yenye kebo halisi ya RS-232 pande zote mbili lazima zilingane, zisipolingana unapata takataka. Kwenye COM ya kubuni ya USB kasi hiyo kwa kawaida haina athari, kwa hiyo usipoteze asubuhi ukiibadilisha.

Makosa ya waandishi wa programu hapa ni yaleyale. La kwanza, wanadhani msimbo unafika mzima. Haufiki hivyo sikuzote. Leo unapata 5449000000996 kwa mkupuo, kesho unapata 54490 halafu 00000996. Programu inayotafuta bidhaa mara tu inapopata chochote itasema "54490 haipo". Kusanya herufi kwenye akiba hadi uone alama ya mwisho, ile ya herufi namba 13 (Entrée), ndipo utafute. Na hakikisha skana imewekwa kutuma alama hiyo, baadhi ya skana hazitumi kitu mwishoni zikiwa katika hali ya COM. La pili, wanaandika COM5 ndani ya programu moja kwa moja. Keshia akihamisha kebo kwenda tundu jingine la USB, COM5 inaweza kuwa COM7. Iweke kwenye faili ya mipangilio, au acha programu itafute kifaa kwa namba zake za utambulisho za USB. La tatu si la mwandishi bali la sote: mlango wa COM hufunguliwa na programu moja kwa wakati mmoja. Programu ikiganda na kubaki nyuma ya pazia, ile mpya itaambiwa mlango una mtu.

Na mwambie mwenye duka kwamba skana sasa haitaandika tena kwenye Bloc-notes wala Excel. Usipomwambia atakupigia saa moja usiku akisema imekufa.

Entrée inayobonyeza peke yake

Wengi hawana uwezo huo, programu imenunuliwa, skana itabaki kibodi. Hapo jambo la pili kwa uzito baada ya AZERTY ni kitufe ambacho skana inabonyeza mwishoni. Kwa kawaida ni Entrée, unaweza kuibadilisha iwe Tab, au isiwepo. Chagua kwa kuangalia programu: andika msimbo kwa mkono, ubonyeze Entrée. Bidhaa ikiingia kwenye ankara na kishale kikarudi kwenye kisanduku kilekile, Entrée ni sawa. Kishale kikienda kwenye kisanduku cha idadi, jiulize kitatokea nini keshia asipoangalia: msimbo wa bidhaa ya pili utaandikwa kwenye idadi, na mteja atadaiwa makopo trilioni tano na kitu. Hiyo ni dosari ya programu. Kisanduku cha idadi kikatae namba yoyote yenye zaidi ya tarakimu nne.

Baya kuliko hilo ni ujumbe wa onyo. Programu inafungua kijidirisha "Stock insuffisant" (stoku haitoshi) chenye OK. Keshia anatazama mfuko wa mteja, si skrini. Anasoma bidhaa inayofuata. Tarakimu 13 zinapotelea hewani, Entrée ya mwisho inabonyeza OK, kijidirisha kinafunga. Hakuna aliyeona kitu. Bidhaa mbili zimetoka dukani bila kuandikwa: ile iliyokataliwa na ile iliyoifunga onyo. Skana imelia pii mara zote mbili, kwa sababu pii yake ina maana ya "nimesoma milia", haina maana ya "programu imekubali". Kama unaandika programu, onyo lisifungwe kwa Entrée, lidai kitufe kingine, na litoe sauti tofauti kabisa na ya skana, nzito na ndefu. Kwenye soko lenye jenereta na muziki wa jirani, sauti ndiyo skrini ya keshia.

Programu nyingine zinatafuta bidhaa kila herufi inapoandikwa, ili kupendekeza majina. Kwa mtu ni raha. Skana inapiga herufi 13 kwa kufumba na kufumbua, programu inaenda kwenye hifadhidata mara 13, na kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2 baadhi ya tarakimu zinamezwa. Dalili: msimbo unafika ukiwa na tarakimu 11 au 12, kila mara tofauti. Weka kwenye skana ucheleweshaji kati ya kitufe na kitufe, milisekunde 20, ikibidi 40. Keshia hatauhisi. Kasi hiyohiyo ndiyo inayoiwezesha programu kutofautisha skana na mtu: mpiga taipu hodari bado kwa kawaida huacha zaidi ya milisekunde 50 kati ya herufi. Ukiongeza ucheleweshaji kumbuka kugusa kipimo hicho, la sivyo programu itaiona skana kama binadamu.

Namba si hesabu

Msimbo pau haubebi bei. Tunalisema hili kila wiki. Ni ufunguo tu, bei iko kwenye hifadhidata. Kwetu hiyo ni bahati, kwa kuwa bei iko kwa dola, chenji inatoka kwa franga, na kiwango kinabadilika: unakibadilisha mahali pamoja, lebo zote zinabaki halali. Tarakimu za mwanzo nazo hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi. 600 na 601 ni Afrika Kusini, 616 Kenya, 620 Tanzania, 540 hadi 549 Ubelgiji na Luxembourg, lakini maana yake ni kwamba kampuni ilichukua namba katika tawi la huko la GS1, shirika linalogawa namba hizi.

Hifadhi msimbo kama maandishi, kamwe usiuhifadhi kama namba. Sifuri ya mwanzo ya namba hutoweka, na bidhaa za Marekani zina tarakimu 12 ambazo skana moja huzituma kama zilivyo na nyingine huongeza 0 mbele. Duka lenye skana mbili za aina tofauti litakuwa na bidhaa moja mara mbili kwenye stoku. Tunachofanya ni kujaza sifuri kushoto hadi tarakimu 14 kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Hivyo 12, 13 na 14 zote zinaishi pamoja bila kugombana.

Excel ni muuaji wa kimyakimya hapa. Ukisoma msimbo kwenye seli ya kawaida inaonyesha 5,449E+12. Namba kamili bado iko ndani, lakini ukihifadhi faili kama CSV kinachoandikwa ni kile kinachoonekana, na hapo tarakimu zimekwenda na hazirudi. Weka safu nzima kuwa Texte kabla ya kusoma msimbo wa kwanza.

Kwa depo, katoni ina msimbo wake, mara nyingi wa tarakimu 14. Si namba ya kopo iliyoongezewa 1 mbele tu. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki na hukokotolewa upya: kopo 5449000000996 likivaa 1 mbele linakuwa 15449000000993, si ...996. Usiweke safu moja ya msimbo kwenye jedwali la bidhaa. Tengeneza jedwali la pili lenye msimbo, bidhaa na idadi: kopo 1, katoni 24. Sabuni ileile ikija na msimbo tofauti safari hii, unaongeza mstari, huongezi bidhaa. Na milia ya katoni ina hatari: mwanga ukikata kona, skana inaweza kusoma kipande chake na kukiona kizima. Ile fremu nyeusi nene kwenye katoni iko kwa ajili hiyo. Wewe ongeza ulinzi kwenye skana, aina hiyo ya msimbo isomwe tu ikiwa na tarakimu 14 kamili.

Lebo za kwako

Unga wa bukari (ugali) uliopimwa dukani, makayabu (samaki wa chumvi), maharage: hakuna kiwanda kilichovipa msimbo. Namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka, zitumie hizo. Kwa vitu vya mizani tunapanga hivi: 21, kisha tarakimu 5 za bidhaa, kisha 5 za gramu, kisha uhakiki. Makayabu, bidhaa 00014, gramu 750, inakuwa 2100014007502. Uhakiki wake: jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11, unapata 11. Za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12 zinatoa 9, mara 3 ni 27. Jumla 38, hadi 40 zimebaki 2. Programu ikiona 21 mwanzoni ikate vipande, isitafute namba nzima.

Sasa printa. Printa za kawaida za lebo zina nukta 203 kwa inchi, yaani 8 kwa milimita. Mlia mwembamba kuliko wote lazima uwe nukta kamili, hakuna nukta na nusu. Nukta 3 ni milimita 0.375, na msimbo wa tarakimu 13 pamoja na nafasi nyeupe pembeni unachukua karibu milimita 42. Nukta 2 ni 0.25, chini ya 0.264 inayokubalika kuwa ndogo kabisa. Kwa hiyo ukinunua lebo za upana wa milimita 40 umejilazimisha kuchapisha chini ya kipimo, na skana ya bei rahisi itagoma. Nunua za 50. Usitengeneze msimbo kama picha kwenye Word na kuuvuta kwa kipanya uenee, milia mingine itanenepa na mingine itakonda. Lebo za joto zisizo na utepe wa wino hugeuka kijivu juani, na kaunta zinazotazama barabara hapa zinapigwa jua hasa. Na usichapishe milia myekundu kwa ajili ya urembo: kwa mwanga mwekundu wa skana, nyekundu na nyeupe ni kitu kimoja.

Famasi ni habari nyingine. Dawa nyingi za Ulaya zinazotolewa kwa cheti cha daktari tangu Februari 2019 zina kile kimraba cha nukta, Data Matrix, ambacho skana ya leza haiwezi kukisoma asilani, unahitaji skana ya kamera. Ndani yake mna 01 ya namba ya bidhaa, 17 ya tarehe ya kuisha, 10 ya toleo, 21 ya namba ya pekee ya boksi. Tarehe ni mwaka, mwezi, siku, kwa tarakimu 6, na siku ikiwa 00 inahesabiwa kuwa mwisho wa mwezi. Kati ya vipande visivyo na urefu maalumu kuna alama ya kutenganisha, herufi namba 29, isiyo na kitufe kwenye kibodi yoyote. Katika hali ya kibodi inapotea, au inageuka Ctrl na kitufe fulani na kufungua usichokitaka. Ama tumia COM, ama iamuru skana iibadilishe kuwa alama inayoonekana. Usipofanya hivyo, toleo na namba ya boksi vitashikana na hutajua kimoja kinaishia wapi.

Kebo na umeme

Skana inayojizima na kuwaka yenyewe kwa kawaida inanyimwa umeme: tundu la mbele la kompyuta kuukuu, au kigawanya USB kisicho na chaji yake. Ichomeke nyuma, moja kwa moja. Zima pia ruhusa ya Windows kulaza USB ili kubana umeme. SNEL (shirika la umeme) ikikata na kurudi, skana iliyo katika hali ya COM inaweza kurudi kabla programu haijawa tayari, kwa hiyo programu ijaribu kufungua mlango tena kila sekunde chache badala ya kudai ianzishwe upya. Kebo huchoka shingoni, pale inapoingia kwenye mpini. Ikunje iende kwenye ndoano chini ya kaunta, isining'inie. Na wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, vumbi jekundu linafunika kioo taratibu hadi keshia anaanza kusogeza bidhaa karibu zaidi na karibu zaidi. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Mwisho wa kazi tunachapisha karatasi moja kwa kila skana: msimbo wa kuirudisha kiwandani, wa nchi ya kibodi, wa Entrée, wa kupuuza Verr Maj, wa katoni za tarakimu 14. Inasomwa kutoka juu kwenda chini, skana yoyote ya aina hiyo inakuwa tayari kwa dakika moja hata fundi asipokuwepo. Tunaiweka ndani ya plastiki, kwenye droo ya fedha, si juu ya kaunta, kwa sababu msimbo wa kwanza ukisomwa kwa bahati mbaya kila kitu kinarudi Marekani. Kama skana ina chaguo la kukataa misimbo ya marekebisho, hilo ndilo tunalosoma la mwisho, na msimbo wa kulifungua unabaki nyuma ya karatasi.